Maswali ya Wasomaji: Kukiona Upya Ulichokizoea

Barua za mwezi huu zimefanana sana: watu wazima waliochoka, ambao hakuna tena kinachowashangaza. Tumechagua tano, na majibu yametoka kwa wenzetu wanaoshughulika na saikolojia, malezi na elimu ya viumbe na anga.

Mimi ni muuguzi, Mwanza. Utotoni mvua ya kwanza ilinitoa nje mbio. Siku hizi nafikiria nguo zilizoanikwa na tope la njiani tu. Hata jua likizama ziwani sigeuki. Ni ugonjwa, au ndiyo utu uzima?

Dada, kwa sehemu kubwa ni kazi ya kawaida ya ubongo. Jambo likijirudia mara nyingi bila kudhuru, ubongo huacha kulipa uzito ili nguvu zibaki kwa jipya na la hatari. Mtoto wa miaka minne ameona mvua chache. Wewe umeziona za kutosha na unajua zinakokupeleka. Uchovu wa zamu unazidisha hali hiyo, kwa sababu aliyechoka huona kasoro kwanza. Kwa hiyo anza na usingizi: mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Ukijilazimisha kustaajabu huku umekosa usingizi wiki nzima, utaambulia hasira.

Ukishalala, jaribu matembezi ya dakika 15, mara moja kwa wiki. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, wakiongozwa na Virginia Sturm, walichapisha matokeo ya wazee 52 waliotembea hivyo kwa wiki 8. Nusu yao waliambiwa watafute njiani kitu cha kuwastaajabisha. Wengine walitembea tu. Wote walijipiga picha. Katika kundi la kwanza, kadiri wiki zilivyosonga, mtu alizidi kuchukua nafasi ndogo kwenye picha yake na mandhari ikapata nafasi kubwa, na tabasamu likapanuka. Walieleza pia kuwa huruma na shukrani zimeongezeka.

Hapo Mwanza huna haja ya kwenda mbali. Yale mawe makubwa yaliyobebana vilimani ni matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Hakuna aliyeyapanga. Mwamba ulipasuka ukiwa bado chini ya ardhi, maji yakapenya kwenye nyufa na kuozesha kingo, kisha udongo ukasombwa na mvua, viini vigumu vikabaki vimekaliana. Simama mbele ya jiwe moja, weka kiganja juu yake, tafuta ufa unaoendelea kupasuka na mmea uliojishikiza humo. Dakika 5 kwa jiwe moja zinatosha.

Matembezi haya huharibika kwa namna mbili: kuyageuza kuwa safari ya kununua vocha na nyanya, au kuyafanya na rafiki mwenye habari nyingi.

Jambo moja ulichukulie kwa uzito. Ikiwa kwa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, umekosa hamu ya mambo yote, usingizi na chakula vimevurugika, au unajiona huna thamani, hiyo inaweza kuwa sonona na haitibiwi kwa matembezi. Muone daktari, kama ambavyo ungemshauri mgonjwa wako.

Ni mlinzi wa usiku kwenye ghala, Mbagala. Nakesha kwa saa kumi na mbili, na juu yangu kuna nyota ambazo sizijui hata moja. Sina darubini wala hela ya kununua. Nianzie wapi?

Kaka, unacho kitu ambacho wanaosomea nyota hukitafuta kwa gharama: usiku mzima, mahali palepale, siku baada ya siku. Darubini haihitajiki.

Anza na macho. Yanahitaji dakika 20 hadi 30 gizani kabla ya kuona nyota hafifu, na ukitazama simu kwa sekunde chache tu, hesabu inaanza upya. Jikinge na taa ya ghala kwa kusimama kwenye kivuli cha ukuta au kuvaa kofia yenye ukingo. Tochi ifunike kwa tabaka 2 au 3 za plastiki nyekundu, kwa kuwa mwanga mwekundu hafifu hauyasumbui sana macho yaliyozoea giza. Tazama kati ya doria na doria, dakika mbili tatu tu kila mara. Lindo lako lisiathirike.

Kisha vipimo. Nyoosha mkono wako wote: ngumi ni takriban nyuzi 10 za anga, kidole kidogo ni kama nyuzi 1. Katikati ya Mei, saa 3 usiku, geukia kusini na upande ngumi tatu na nusu kutoka upeo wa macho. Hapo utakuta nyota nne zimesimama kama msalaba mdogo, mdogo kuliko watu wengi wanavyotarajia. Huo ndio Msalaba wa Kusini. Pembeni yake, kushoto, kuna nyota mbili kali zinazouelekea. Usipoziona hizo mbili, huenda umeshika msalaba wa bandia, ambao uko kulia zaidi, ni mkubwa zaidi na mwanga wake umefifia.

Kuanzia mwishoni mwa Novemba, jua likishazama, tazama mashariki upate Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota. Wengi huhesabu sita. Usikikazie macho moja kwa moja. Tazama pembeni yake kidogo, maana sehemu ya jicho inayoona vyema gizani haiko katikati, na kishada kitaonekana kimejaa zaidi. Kiko mbali kiasi kwamba mwanga wake husafiri takriban miaka 440 kutufikia. Unaoingia jichoni mwako ukiwa Mbagala ulianza safari miaka michache kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593. Mwishoni mwa Aprili Kilimia huzama na jua, katikati ya masika. Mwezi Juni huonekana tena alfajiri, mvua zikiwa zimekatika. Ndiyo maana wazee wa pwani walisema kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Sasa jaribio ambalo wewe mlinzi unaliweza kuliko sisi sote. Chagua nyota moja kali, simama mahali ulipopatia alama kwa chaki, na uandike dakika ambayo nyota inagusa kona ya paa. Kesho yake rudi kwenye alama ileile. Itagusa dakika 4 mapema zaidi. Baada ya siku 15 tofauti itakuwa saa nzima. Ni kwa sababu dunia, huku ikijizungusha, inaendelea na safari yake ya mwaka kulizunguka jua, na wewe umeipima safari hiyo kwa paa la ghala. Hesabu ikikataa, kwa kawaida umebadilisha mahali pa kusimama, au ulichokichagua si nyota bali sayari, kama Zuhura au Mshtarii, ambazo zina mwendo wao. Nyota humetameta, sayari nyingi hutulia.

Mwezi mpevu ukichomoza mkubwa juu ya mapaa, ufunike kwa kidole kidogo, mkono umenyooka. Utafunikwa wote, na nafasi itabaki. Rudia saa 6 usiku ukiwa juu na unaonekana umesinyaa: kidole kitaufunika vilevile. Ukubwa ule wa jioni unatengenezwa na ubongo wako. Waite wenzako wa lindo wajaribu, hakuna anayekubali mara ya kwanza.

Binti yangu ana miaka sita na kutwa ni "kwa nini, kwa nini". Nikirudi sokoni kichwa kinaniuma, namfokea, halafu roho inanisuta. Nawezaje kushiriki udadisi wake bila kumalizika? Mama, Tanga.

Mama, usijitwishe kujibu yote. Mpe dakika 10 za kila siku zenye saa yake, tuseme baada ya chakula cha jioni au kabla ya kufagia asubuhi, na umwambie maswali mengine yasubiri hapo. Mtoto hustahimili kusubiri akijua muda wake hautaibwa. Na neno "sijui, twende tukaangalie" linamfaa kuliko jibu la haraka kutoka kwenye simu.

Mpeleke upenuni, pale mvua isipofika na vumbi ni laini. Tafuteni vishimo vya duara vyenye umbo la faneli, upana wa sentimita 2 hadi 5. Chini ya kila kimoja amejificha mdudu, ameacha taya tu nje. Chukueni unyasi mwembamba mkwaruze ukingo taratibu: atarusha mchanga juu akidhani ni sisimizi anayeteleza. Mkitaka kumwona mzima, chota kwa kijiko mchanga wa chini ya shimo, kina cha sentimita 3, umwage kwenye sahani nyeupe na msubiri bila kugusa. Atajifanya amekufa kwa muda, kisha ataanza kutembea kinyumenyume, kwani akiwa katika umri huo huenda hivyo tu.

Mwekeni kwenye kopo pana lenye mchanga mkavu wa kina cha sentimita 5. Mara nyingi asubuhi mtakuta amechimba shimo jipya, akizunguka kwa nyuma na kurusha mchanga kwa kichwa. Asipochimba, mchanga una unyevu au una kokoto, au kopo linatikiswa kila mara. Punje zenye maji hushikamana, haziporomoki, na mtego wake unategemea kuporomoka. Sisimizi mmoja kila baada ya siku moja au mbili anatosha, na baada ya siku chache mrudisheni alipotoka. Binti atauliza kinyesi chake kiko wapi. Jibu ni kwamba hana njia ya kukitoa. Hukihifadhi mwilini mpaka abadilike kuwa mdudu mwenye mabawa, anayefanana na kerengende na kuruka usiku.

Wewe mama kaa chini kabisa, magoti mchangani. Ukisimama juu yake huku umeshika ufagio, mtoto anajua una haraka, na wewe huoni kitu.

Mimi ni mwalimu wa shule binafsi, Nakuru. Niliambiwa niwe na daftari la shukrani. Kila usiku naandika: afya, familia, kazi. Sasa limekuwa kama kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Tena mshahara umecheleweshwa miezi miwili. Nishukuru nini hasa?

Mwalimu, tuanze na mshahara, kwa sababu haufai kuandikiwa shukrani. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mfanyakazi wa mwezi alipwe mwisho wa mwezi. Weka madai yako kwa maandishi, tunza nakala, na usipojibiwa peleka malalamiko kwa ofisa wa kazi. Mtu anayekuambia ushukuru tu kwa kuwa una kazi, anakunyamazisha.

Daftari nalo linaharibiwa na mambo mawili: wingi wa siku na ufinyu wa maneno. Robert Emmons na Michael McCullough, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2003, waliwaomba wanafunzi waandike hadi mambo 5 kwa wiki, kwa wiki 10. Walioandika ya kushukuru waliyaona maisha yao kuwa bora kuliko walioandika kero, na hata mazoezi walifanya zaidi. Ilikuwa mara moja kwa wiki. Sonja Lyubomirsky na wenzake walipolinganisha, waliofanya mara moja kwa wiki ndio waliofaidika. Waliofanya mara tatu hawakupata kitu. Jambo jema likitajwa kila usiku linazoeleka kama lilivyozoeleka lenyewe.

Chagua siku moja, Jumapili jioni kwa mfano, na uandike jambo moja kwa sentensi tano: nani, wapi, alifanya nini, ilimgharimu nini, na siku ingekuwaje bila yeye. "Familia" haina pa kushika. "Alhamisi mama mboga alinipa sukuma wiki kwa deni bila kuniuliza nitalipa lini, na nyuma yangu kulikuwa na watu wanasikia" ina pa kushika. Ukikwama, futa kitu kimoja katika siku yako kwa mawazo, kama maji ya bomba, na ufuatilie asubuhi yako bila hicho hadi saa 4.

Lenye nguvu zaidi ni barua. Mwandikie mtu aliyekutendea wema ambao hujawahi kumshukuru ipasavyo, maneno kama 300, mpelekee na umsomee mwenyewe. Katika majaribio ya Martin Seligman na wenzake ya mwaka 2005, furaha ya waliofanya hivyo ilidumu takriban mwezi mmoja. Usiombe chochote ndani ya barua hiyo, wala usiahidi.

Naishi Kisauni, Mombasa, lakini bahari naiona kutoka dirisha la matatu tu. Nina asubuhi moja ya Jumamosi. Nifanye nini nayo?

Ngoja bamvua, siku mbili hivi baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, ambapo maji hukupwa mbali sana. Siku hizo kina cha chini kabisa huangukia saa 4 hadi saa 5 asubuhi. Fika saa moja na nusu kabla, yafuate maji yakitoka, na yakianza kujaa rudi nawe, maana huingia kwanza kwenye vijito vya nyuma yako.

Chuchumaa kwenye dimbwi moja la mwambani kwa dakika 20 bila kuhama. Samaki wadogo na kaa waliokimbia kivuli chako watarudi baada ya dakika kadhaa. Jiwe ukiligeuza, lirudishe lilivyokuwa, kwani walioshikilia upande wa chini hufa kwa jua. Vaa viatu vyenye soli ngumu, kwa ajili ya miiba na yule samaki anayefanana na jiwe. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia na uelekee hospitali. Makombe yenye umbo la pia usiyaokote, baadhi yana mdudu hai mwenye sumu kali. Ukikuta kiti cha pweza amelala chali dimbwini, mwache humohumo majini: atakunja mkono mmoja, ashike mwamba kwa vile vijiguu vidogo vya chini, na kujipindua polepole.