Ploti ya bei rahisi iliyokuwa yadi ya betri: ninunue?

SWALI: Hamjambo hapo gazetini. Mimi niko Changamwe, nimepata ploti bei nafuu sana ukilinganisha na za jirani. Broka anasema zamani ilikuwa yadi ya kuvunja betri za magari lakini mwenyewe ashasafisha, alichota udongo wa juu akamwaga kifusi kipya, na karatasi ya maabara anayo. Nimefanya sachi, hati haina mkopo wala kesi. Nataka kujenga vyumba vya kupangisha, nichimbe choo na kisima. Nitoe arbuni?
Mama Zuhura

JIBU: Mama Zuhura, umefanya vizuri kuuliza mapema. Arbuni usitoe bado. Sachi inakwambia mwenye ardhi ni nani na kama kuna mkopo au kizuizi, basi, mambo ya udongo una nini haiyajui kabisa.

Betri ya gari ndani ni vibao vya risasi (si ya bunduki, ni ile metali ya lead) na asidi, ukiivunja uwanjani asidi inamwagika pamoja na risasi, vumbi la vibao nalo linatulia hapo hapo, na risasi haiozi, inashika kwenye udongo wa juu miaka na miaka. Wanaoumia zaidi ni watoto, wanacheza chini kisha mkono mdomoni, na inaharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Wewe uko karibu na Owino Uhuru unajua yaliyotokea, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi pale 2007 hadi 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 na mtaa usafishwe ndani ya miezi 4, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Upeo ambayo Desemba 2024 ndiyo iliyorudisha ile fidia baada ya rufaa kuivuruga. Miaka yote hiyo watu wanaishi juu ya udongo ule ule.

Sasa hiyo karatasi. Usitazame mhuri peke yake, tazama sampuli zilichukuliwa lini, sehemu gani na kina gani. Kama zilichukuliwa baada ya kifusi kumwagwa tena juu juu tu, basi kilichopimwa ni kifusi, udongo wa yadi haujaguswa, na matokeo lazima yawe mazuri! Halafu uliza ilisafishwa kwa matumizi gani, hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Uwanja wa kuegesha malori ukimwagiwa zege unaweza kuachwa na risasi chini yake bila shida kubwa, lakini wewe unataka msingi, choo na kisima, yaani utapasua hicho kifuniko na ule udongo wa chini fundi ataurundika pembeni ya mlango, watoto wa wapangaji waupande. Marekani kwenyewe kipimo cha kuanzia kuchunguza udongo wa makazi kilikuwa miligramu 400 za risasi kwa kilo, Januari 2024 wakakishusha hadi 200, kwa hivyo karatasi ya zamani iliyosema "sawa" huenda leo isiwe sawa.

Pima mwenyewe, maabara uichague wewe na sio broka. Chukua udongo pale betri zilipokuwa zinavunjwa (wazee wa jirani wanapajua), kwenye mtaro maji ya mvua yanapotokea, na pale utakapochimba choo, ushuke chini ya kifusi mpaka uone udongo umebadilika rangi. Kila shimo na mfuko wake, usichanganye, ukichanganya doa baya linafichwa na mazuri.

Wakati unasubiri, wakili wako aandikie NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, kuuliza kama kuna ripoti ya ukaguzi au amri ya kurejesha mazingira kwa ploti hiyo, Katiba kifungu cha 35 kinakupa haki ya kuomba habari zilizo na serikali. Na kwenye mkataba iandikwe kwamba risasi ikizidi kipimo mlichokubaliana, muuzaji asafishe kwa pesa yake kabla ya uhamisho au arbuni irudi yote. Muuzaji akikataa uchimbe sampuli, achana na hiyo ploti hata akikupunguzia nusu.

Kisima nacho, hata udongo ukitoka mzuri, maji yapimwe kivyake kabla mpangaji wa kwanza hajahamia, na upime risasi kwa jina, manake vipimo vya kawaida vya maji mara nyingi huangalia vijidudu na chumvi tu.