Jibu: Kifungo cha zamani kinaweza kutumika kama ushahidi?

Habari ndugu. Umeuliza kama waendesha mashtaka wanaweza kumwambia hakimu kwamba kaka yako aliwahi kufungwa kwa wizi, ilhali sasa anakabiliwa na kesi nyingine ya wizi.

Kwanza angalia wanataka kuthibitisha nini. Kama ni "aliiba zamani, basi kaiba na sasa", wakili wenu apinge papo hapo kabla ushahidi huo haujasomwa, kwani ukishasikika hausahauliki. Kama ni kuonyesha mbinu ileile, au kuvunja utetezi wa "ilikuwa bahati mbaya", unaweza kupokelewa. Katika kesi ya Makin ya Australia, iliyoamuliwa mwaka 1893, maiti za vichanga zilifukuliwa kwenye nyumba kadhaa walizowahi kuishi washtakiwa wa mauaji ya kichanga, na ushahidi huo ukakubaliwa. Uingereza ililegeza zaidi masharti ya kupokea ushahidi wa aina hii kwa sheria ya mwaka 2003.

Kaka yako asijinadi kizimbani kuwa hana doa! Kesi nilizofuatilia, hapo ndipo ya zamani yalipofukuliwa yote. Kwangu mimi, aliyemaliza kifungo ameshalipa. Rekodi yake ingoje hatua ya adhabu, akipatikana na hatia.

Taja nchi na hati ya mashtaka inavyosema, maana vifungu hutofautiana.