Datsun 240Z iliyonila laki mbili kule Njoro

Simu iliingia Jumapili jioni nikiwa Lanet, nachagua nyanya kando ya barabara. Alikuwa broka. "Boss, kuna Datsun 240Z huku Njoro. Ni ile yenyewe iliyoshinda Safari. Watu wawili wa Nairobi wanaitaka. Wahi."

Nikawahi. Sisi tuliokulia Nakuru miaka ya themanini tulijua Pasaka ni mbili, ya kanisani na ya barabarani, yaani mbio za magari za Safari Rally, na hiyo ya barabarani ndiyo tuliyoamkia saa kumi alfajiri. Mimi nilimwona dereva Shekhar Mehta akipita na Datsun Violet kwa sekunde tatu hivi, halafu vumbi. Baba hakuwa na habari na Violet. Kwake gari lilikuwa 240Z: mwaka 1971 Edgar Herrmann wa kwanza na Mehta wa pili, wote wawili wakiwa na 240Z, na 1973 Mehta akashinda ingawa alikuwa amelingana pointi na Harry Källström. Kwa hiyo nilipoliona bandani, turubai limejaa kinyesi cha kuku, boneti ndefu imechomoza, akili iliniruka. Nikatuma laki mbili za kulishika papo hapo, nimeegemea magunia ya mahindi.

Usifanye hivyo. Ukiambiwa gari fulani lilishinda Safari, uliza kwanza lililoshinda liko wapi leo. Lile la 1971 limehifadhiwa na Nissan wenyewe kule Zama, Japani. Dakika tano za intaneti zingeniokoa. Na hata wakikwambia lilishiriki tu, dai picha za wakati ule zinazoonyesha nambari ya usajili, au orodha ya washiriki. Stika iliyochakaa mlangoni haina maana. Ya namna hiyo unachapishiwa mjini kwa mia tano.

Wiki iliyofuata ndipo nilipopata akili ya kwenda na fundi, mzee mmoja wa Bondeni ambaye amefungua Datsun nyingi kuliko anavyokumbuka. Hakutaka hadithi. Aliomba kitambaa na petroli kidogo. Akafuta ukuta ulio kati ya injini na kioo cha mbele, ikatokea HS30 na tarakimu nyuma yake. Hapo sawa, hiyo ni 240Z ya usukani wa kulia. Akasoma kibati kilichopigwa ndani ya boneti, chenye nambari ya chasisi na ya injini. Halafu akainama upande wa plagi, kule nyuma, chini kidogo ya silinda hedi, akasugua polepole. Pale palipaswa kusomeka L24, jina la injini ya 240Z. Palisomeka L28.

"Huu ni moyo wa Patrol," akasema, wala hakucheka.

Inawezekana kabisa. L24 ni ya cc 2393, L28 ni ndugu yake wa cc 2753, na Nissan waliifunga kwenye Patrol, jipu lao, pia. Mkulima ambaye injini imemfia shambani hawazi mambo ya wakusanyaji magari, anawaza kufika mjini. Simlaumu, na pengine linavuta vizuri zaidi. Ila mkusanyaji analipia injini iliyozaliwa na gari, na bei niliyotajiwa ilikuwa ya gari kamili.

Nendeni na sumaku ya friji pia. Kwenye madigadi ya nyuma, sumaku yangu ilishika, ikashika, kisha ikaanguka chini: hapo ni fila tupu, ile lipu ya kuzibia bodi, iliyopakwa rangi. Chini ya betri kutu ilikuwa imekula mpaka ndani. Nilipoinua zulia upande wa abiria niliona kuku akidonoa, kupitia sakafu.

Lakini kilichoniuma zaidi ni logibuku. Nambari ilikuwa ya mtindo wa zamani, isiyo na herufi nyuma, kabla ya zile za KAA zenye herufi nyuma kuingia mwaka 1989, na jina ni la mzee aliyekwisha kufariki. Kuhamisha umiliki NTSA, mamlaka ya usafiri, muuzaji huanza kwenye akaunti yake ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Marehemu hana akaunti. Mpaka familia ipate hati ya urithi kutoka mahakamani, hakuna wa kukuuzia, hata akiwa na ufunguo mkononi. Omba picha ya logibuku kabla hujatia mafuta ya safari. Broka alilijua hilo tangu siku ya kwanza, na simu yake sasa haipatikani.

Pupa hii ina chanzo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na tangu Safari Classic, mbio za magari ya zamani, ianze mwaka 2003 kila mtu anayatafuta haya yaliyobaki kwenye mabanda ya Njoro na Molo. Ndiyo maana "wahi" linatufanya wajinga.

Mjane wa mzee alinionea huruma, akaniletea chai. Nikamuuliza kuhusu mashindano.

"Mwanangu, mashindano gani? Huyo alikuwa akikimbia mvua ya Mau Summit."

Kisha akaingia ndani, akarudi na picha iliyopinda kona. Mzee ameegemea gari, kofia kichwani. Nambari ya usajili inasomeka vizuri, ni ile ile. Na kwenye kioo cha nyuma kuna kondoo anachungulia.

Kesi ya urithi iko mahakamani Nakuru. Nimemwomba asimpe mtu ile picha.