Bidoni, bomba la sindano na kijiko: kwa wanaoanza kazi ya maji hapa Goma

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye vituo vya maji na katika uhamasishaji wa usafi, siku ya kwanza mtapewa daftari, fulana na bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano yenyewe, kisha mtaambiwa mteremke Ziwa Kivu, watu wanakochota maji. Mimi nilianza hivyo hivyo, na kwa wiki nzima nilidhani kazi yangu ni kutia dawa. Kumbe kazi ilikuwa kupima, na nusu ya vyombo nilivyovitumia sikujua vinabeba kiasi gani.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni bidoni ya njano ya lita 20, ile ambayo watu wa pwani huiita dumu. Huingia mjini ikiwa imejaa mafuta ya kupikia, na mafuta yakiisha huanza maisha yake ya pili. Kila nyumba inayo, msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anajua ataweza kubeba ngapi, na mtoto anajua anadaiwa ngapi kabla ya jioni. Hata hivyo, ishirini ni kiasi cha mafuta kilichotiwa kiwandani. Ukiijaza maji mpaka mdomoni, mara nyingi hupita lita 20, na ile iliyobonyea ubavuni hupungukiwa. Njia ya kujua ni rahisi: azima mizani kwa muuza maharage, pima bidoni ikiwa tupu, pima tena ikiwa imejaa, na tofauti ya kilo ndiyo lita zako. Kati ya 1901 na 1964 lita yenyewe ilifafanuliwa rasmi kuwa nafasi inayojazwa na kilo moja ya maji, na ingawa leo ni desimita moja ya ujazo, tofauti ni sehemu 28 hivi katika milioni, ambayo hakuna mama atakayekugombeza kwa ajili yake pale kando ya ziwa. Lakini msiutumie ujanja huo kwa mafuta. Lita 20 za mafuta ya kupikia zina uzito wa kilo 18 na kitu, kwa hiyo anayeuza kilo 20 na anayeuza lita 20 hawauzi kitu kimoja, hata kama bidoni zao zinafanana.

Sasa tuje kwenye klorini, dawa ya kuua vijidudu vya maji, maana hapa ndipo kosa la ujazo linapogeuka kuwa kosa la afya. Mchanganyiko tunaoutumia ni wa asilimia 1, yaani kila mililita ina miligramu 10 za klorini. Kuutengeneza, huwekwa gramu 15 hivi za unga wa klorini uitwao HTH, wenye klorini asilimia 65 hadi 70, katika lita moja ya maji, ambazo ni kijiko kimoja cha supu kilichosawazishwa, si kilichofanya mlima. Mililita moja ya mchanganyiko huo katika lita 20 huleta nusu miligramu kwa kila lita. Tuseme jaribio la asubuhi limeonyesha kwamba maji ya siku hiyo yanahitaji mililita 4 kwa bidoni: kila lita itapata miligramu 2. Bidoni ikiwa na lita 22, kila lita itapata 1.8, na hilo linavumilika. Lakini akija mtoto na kibidoni cha lita 5, nawe kwa mazoea ya mkono ukampa zilezile mililita 4, umeweka miligramu 8 kwa lita. Mama yake atanusa, atayamwaga, na kesho atamwambia mtoto apite mbali nawe aende kuchota maji yasiyotiwa kitu. Mimi nilifanya hivyo asubuhi nzima, mpaka mzee mmoja akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nafua nguo. Kibidoni cha lita 5 kingehitaji mililita moja tu.

Namna ya kusoma bomba la sindano nayo hufundishwa kwa haraka mno. Soma pale ukingo wa mbele wa mpira unapogusa ukuta wa bomba, usisome ncha yake iliyochongoka. Inua mdomo juu, gonga kidogo ili kiputo cha hewa kitoke, kisha sukuma hadi kwenye mstari. Mistari ikianza kufutika, na itafutika, badilisha bomba badala ya kukisia. Jaribio lenyewe la asubuhi hufanywa kwa bidoni nne za ujazo mmoja zilizotiwa dozi nne zinazopanda, halafu hupimwa baada ya dakika 30, na huchaguliwa dozi inayoacha walau nusu miligramu ya klorini huru, yaani ile iliyobaki bila kutumika, kwa lita. Maji ya Ziwa Kivu yana pH, yaani kipimo cha uasidi, inayokaribia 9, na katika maji ya namna hiyo klorini hufanya kazi polepole zaidi, kwa hiyo msimruhusu mtu kunywa kabla ya muda.

Wakati mwingine mtatumwa soko la Virunga kuandika bei. Huko lita haina heshima kubwa: unga na maharage hupimwa kwa murongo, chombo cha kupimia cha sokoni, au kwa kopo la maziwa ya mtoto la Guigoz, na bei huwa ya kopo lililojazwa mpaka likafanya kilele, pamoja na matabishi, yaani nyongeza ya bure, ya kiganja kimoja juu yake. Andikeni ni kopo gani, na kama lilikuwa na kilele au limesawazishwa, na mtazame kitako chake kama hakikubonyezwa ndani. Shuleni sote tuliimba kwamba haba na haba hujaza kibaba, lakini sijakutana na mwalimu wa hapa aliyewahi kukishika kibaba chenyewe mkononi.

Kijiko kidogo ni mililita 5, na ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu kila mtu anaamini anakijua. Maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha ni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa mgongo wa kisu. Pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa dukani au zahanati, nayo kwa kawaida hutengenezwa kwa lita moja. Katika nyumba nyingi hakuna chombo kilichoandikwa lita moja, na mzazi hukoroga pakiti nzima katika kikombe kikubwa, jambo ambalo ni hatari kwa mtoto kwa sababu chumvi huzidi. Msimwambie tu kwamba ni lita moja. Ombeni chupa iliyomo nyumbani: chupa tatu za soda zilizoandikwa 33 cl hufanya sentilita 99, na hiyo yatosha, au chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, ijazwe theluthi mbili na kuwekewa alama kwa kalamu isiyofutika.

Kwa mabomba ya maji ya umma, saa na bidoni zinatosha. Bomba linalotoa lita 7.5 kwa dakika hujaza lita 20 kwa sekunde 160. Likichukua dakika tano, foleni haiwezi kuisha kabla ya giza, na mhandisi aelezwe hivyo kwa namba badala ya malalamiko. Mvua nayo hupimika: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 30 za mraba likipata milimita 10 hupokea lita 300, na hata ukitoa sehemu ya tano inayopotea, zinabaki bidoni 12 ambazo hakuna aliyezipandisha kutoka ziwani.

Kesho asubuhi kila mmoja aje na bidoni mbili tupu, moja ya kwao na moja ya kuazima kwa jirani. Mizani nitakuja nayo mimi, na tutazipima zote kabla hatujateremka.