Kutuliza mtetemo wa hedifoni za zamani zenye utando bapa

Swali: Nina hedifoni za Yamaha HP-1 za miaka ya 1970, zile ambazo utando wake bapa umewekwa katikati ya sumaku mbili. Besi ilikuwa ikivuma kupita kiasi kwenye noti chache, kwa hiyo nikajaza pamba ndani ya vikombe. Mvumo ule haukupungua sana, lakini sauti yote imefifia, na sasa upande wa kushoto unasikika mdogo kuliko wa kulia. Je, nitafute pamba ya aina nyingine au ninunue amplifaya yenye nguvu zaidi?

Jibu: Ndugu msomaji, usinunue amplifaya kwa ajili ya tatizo hili, na pamba uliyo nayo haina kosa lolote isipokuwa mahali ilipowekwa. Ukielewa kwa nini utando wa namna hii huvuma, utaona mwenyewe ni wapi pa kuugusa.

HP-1 zilitoka mwaka 1976, na umbo lake lilibuniwa na Mario Bellini wa Italia. Ndani yake kuna utando mwembamba wa plastiki uliochorwa njia ya umeme inayozunguka toka katikati hadi karibu na ukingo, na pande zake mbili kuna sahani za sumaku zilizotobolewa ili hewa ipite. Kwa kuwa msukumo wa sumaku unaenea karibu eneo lote la utando, badala ya kuanzia kwenye koili (waya uliozungushwa) ndogo iliyo katikati kama ilivyo kwa spika ya kawaida, utando husogea kwa pamoja, na ndiyo sababu hedifoni hizi bado zinapendwa. Hata hivyo, sumaku za feraiti za wakati ule hazina nguvu kubwa, kwa hiyo umeme unaozalishwa na mwendo wa utando wenyewe ni mdogo mno kuweza kuuzuia.

Jambo hili lina ushahidi unaoweza kuupima. Katika spika ya kawaida, ukinzani wa umeme hupanda sana kwenye masafa ya mvumo, dalili kwamba koili na sumaku vimeshikana na amplifaya nzuri inaweza kuusaidia mshiko huo kuwa breki. Katika hedifoni za utando bapa mstari wa grafu ya ukinzani huo karibu umenyooka toka besi hadi sauti za juu kabisa, kiasi kwamba multimita ya kawaida, yaani kipimo cha umeme, itakuonyesha namba iliyo karibu sana na omu 150 zinazotajwa na kiwanda. Maana yake breki ya umeme karibu haipo, hata ukiunganisha amplifaya ya gharama gani. Breki iliyobaki ni hewa.

Hewa huzuia mtetemo vizuri zaidi pale inapopita kwa kasi, yaani kwenye matundu yaliyo nyuma ya spika (utando pamoja na sumaku zake). Ukutani mwa kikombe hewa karibu haisogei, kwa hiyo kitu laini kilichowekwa pale hakina cha kuzuia. Fikiria pia urefu wa mawimbi. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo wimbi la hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde) lina urefu wa zaidi ya mita 3, na ili pamba iweze kulifyonza ingehitaji unene ambao hakuna kikombe kinachoweza kuubeba. Kinyume chake, kikombe chenye kina cha milimita 30 hurudisha mawimbi kati ya ukuta wake na spika kwenye hezi 5,700 hivi, na hapo pamba kidogo inafanya kazi kwelikweli. Kwa hiyo pamba yako ilipunguza sauti za kati na za juu ambazo hukuzilalamikia, ikauacha mvumo wa besi karibu kama ulivyokuwa. Itoe yote kwanza.

Ukiwa umefungua, kagua sponji ya zamani. Sponji ya poliyurethani ikizeeka hugeuka kuwa unga unaonata, na chembe moja ikipita kwenye tundu na kutua juu ya utando itakuletea mkwaruzo kila noti nzito inapopigwa. Igeuze spika ili matundu yatazame chini, kisha uondoe sponji taratibu kwa kijiti cha mbao, mabaki yaangukie mezani. Usipulize, na usitumie mashine ya kufyonza vumbi, kwa sababu pumzi kali inaweza kuunyoosha utando usirudi tena. Bisibisi ya chuma iweke mbali na sehemu hiyo, kwani sumaku huivuta ghafla kuliko mkono unavyotarajia. Sahani mbili za sumaku zenyewe usizitenganishe ikiwa hakuna hitilafu inayokulazimisha.

Sasa tafuta felti nyembamba ya sufu, ya unene wa milimita 1 hivi. Kabla ya kuikata, ibane midomoni na kupulizia: felti iliyo legevu inapitisha pumzi bila shida, iliyoshindiliwa inakukataza. Jaribio hili ni rahisi, lakini ninalitegemea kuliko maelezo ya muuzaji, kwa kuwa kipande kimoja cha felti kinaweza kuwa kizito upande mmoja na chepesi upande mwingine, na tofauti hiyo itasikika kati ya sikio na sikio. Kata duara mbili zinazopumua sawa, uziweke zikigusa matundu ya nyuma bila gundi, ukifunga kikombe kila mara kabla ya kusikiliza.

Ni bora zaidi ukipima. Toboa ubao laini, ingiza maikrofoni ndogo mpaka kichwa chake kilingane na uso wa ubao, bana mto wa hedifoni juu yake, kisha tumia programu ya vipimo kama Room EQ Wizard kupiga sauti inayopanda toka hezi 20 hadi 20,000. Usiamini sana umbo la mstari kwenye sauti za juu, maana ubao si sikio. Unachokitafuta ni tofauti kati ya kipimo cha kabla na cha baada. Felti ya kwanza itashusha kilima cha besi kwenye mstari huo na kukitandaza. Ukiongeza tabaka na kuona kwamba sauti nzito zaidi kuliko zile za kilima kile zimeanza kuporomoka, umepita kiasi, na badala ya kuondoa tabaka zima unaweza kutoboa tundu katikati ya felti na kulipanua kidogo kidogo. Plasta ya hospitali ya karatasi inayopitisha hewa nayo inafaa kwa marekebisho madogo ya mwisho. Ninasisitiza badiliko moja kwa kila kipimo. Wengi hubadilisha mito, felti na pamba kwa siku moja, kisha hawajui kipi kimewasaidia.

Mvumo ukishatulia, rudisha pamba chache sana, iliyochambuliwa, kwa ajili ya mwangwi ule wa ndani ya kikombe. Tabaka jembamba la plastisini (udongo laini wa kufinyangia) kwenye plastiki inayobeba spika huizuia isitetemeke, mradi usizibe tundu lolote. Sauti za juu zikiwa kali bado, jaribu karatasi laini mbele ya spika, lakini baada ya kuamua mito, kwa sababu kina cha mto hubadilisha sauti hizo kuliko karatasi.

Kuhusu upande wa kushoto, badilishana kwanza plagi au waya za kushoto na kulia. Udogo ukihamia sikio jingine, tatizo liko kwenye amplifaya au chanzo cha muziki. Ukibaki palepale, pima ukinzani wa kila spika. Namba zikikaribiana, chunguza mto: ufa mdogo, au hata mkono wa miwani, huivujisha besi na kuufanya upande mzima uonekane dhaifu, na inawezekana pia kwamba pamba ya kushoto ilisukumwa hadi kwenye matundu na ile ya kulia haikufika. Multimita isipoonyesha chochote, kagua sehemu waya ilipolehemewa, na ukilehemu upya gusa kwa sekunde chache tu, kwa kuwa joto hupita haraka hadi kwenye plastiki ya utando. Kiungo kikiwa kizima na namba bado haionekani, njia ya umeme kwenye utando imekatika, na hapo itakubidi utafute spika nyingine ya modeli hiyohiyo kabla ya kukata felti yoyote, kwa sababu spika hiyo itahitaji vipimo vyake yenyewe.