Injini imebadilishwa, lawama imeangukia kontroli boksi

SWALI: Habari fundi. Nina Toyota IST ya 2003, gia otomatiki, injini 2NZ. Ilinoki, nikanunua 1NZ ya mtumba kutoka Japani ikafungwa. Wayaringi na kontroli boksi ni vile vile vya zamani. Tangu hapo gari inakunywa mafuta, lita moja haifikishi kilomita saba. Asubuhi inatoa moshi mweusi, sailensi (mizunguko ya injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka, taa ya cheki injini inawaka. Imepimwa kwa mashine ikatoa kodi (namba ya hitilafu) P0172. Fundi wa kwanza alisema kontroli boksi imekufa, nikanunua nyingine ya 2NZ, hali ikabaki ile ile. Wa pili anasema injini imekuwa kubwa, kwa hiyo mafuta lazima yasetiwe upya, anataka shilingi 350,000 aiprogramu. Wa tatu anasema nitembee nayo tu wiki mbili, itajizoeza. Nimsikilize nani? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Hakuna hata mmoja, ndugu yangu. Na kabla hujatoa hiyo laki tatu na nusu, tazama kile ambacho gari lenyewe limeshakwambia.

P0172 haiandikwi na kompyuta iliyokufa. Ili ifike hapo, kontroli boksi imesoma sensa ya oksijeni, imeona mafuta yamezidi hewa, imepunguza, imepunguza tena, na ilipofika mwisho wa kiasi inachoruhusiwa kupunguza ndipo ikawasha taa. Ukafunga ya pili, nayo ikaona jambo lile lile. Kompyuta mbili tofauti zimekubaliana kwamba mafuta ni mengi, na bado kuna mtu anataka pesa aiprogramu! Hapa tatizo si ubongo. Ni ama kitu kinachopitisha mafuta bila amri yake, ama kitu kinachoidanganya kuhusu hewa au joto.

Sasa hilo la "injini imekuwa kubwa, kwa hiyo mafuta lazima yasetiwe upya". 2NZ ina sentimita za ujazo 1,298 na 1NZ ina 1,496. Pistoni zote zina kipenyo cha milimita 75, tofauti iko kwenye mwendo wake: 73.5 kwa 2NZ, 84.7 kwa 1NZ. Injini mpya inavuta hewa zaidi kwa asilimia 15 hivi. Lakini IST haikisii hewa kutokana na ukubwa wa injini. Inaipima kwa MAF, yaani sensa ya hewa iliyo kwenye boksi la filta, gramu kwa sekunde, kisha inahesabu mafuta ya hewa hiyo iliyopimwa. Hewa ikiongezeka, mafuta yanaongezeka kwa kipimo kile kile, na kilomita saba kwa lita haziwezi kuelezwa na hiyo asilimia 15.

Hoja ya ukubwa ina nguvu kwenye magari ya namna nyingine. Chukua Corolla ya Japani yenye injini ya 5A iliyofungwa 7A huku kontroli boksi ikibaki ya 5A. Hizo hazina MAF, zinapima mvuto wa hewa ndani ya manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini) na kukadiria kilichoingia kwa jedwali lililoandikwa kwa ajili ya 1,498, wakati injini sasa ni 1,762. Hapo mafuta yanapungua kweli, na ukipanda mlima na mzigo injini inagonga. Baadhi ya 7A ni zile za mchanganyiko mwepesi (hewa nyingi, mafuta kidogo), zenye sensa yake na vipepeo vyake kwenye manifoldi; hizo bila kontroli boksi yake usizitie mkono. Mafundi wengi wamejifunzia kwenye A, kisha wanaihamisha kanuni hiyo mzima mzima hadi kwenye NZ. Ndiyo maana nasisitiza: uliza kwanza gari linapimaje hewa, ndipo uzungumzie kontroli boksi.

Twende kwenye gari lako. Tafuta mtu mwenye skana inayoonyesha namba zikitembea, si ya kusoma na kufuta kodi tu. Anza asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, swichi imewashwa bila kupiga stata. Joto la maji na joto la hewa inayoingia vinatakiwa viwe karibu sawa, tofauti ya nyuzi chache tu, kwa sababu gari limelala nje usiku kucha. Maji yakisoma nyuzi 5 wakati Mbeya kuna nyuzi 15, sensa ya maji inadanganya na kompyuta inamwaga mafuta ya baridi. Ichomoe uipime kwa mita: kwenye nyuzi 20 iwe kati ya kilo-omu 2 na 3, kwenye nyuzi 80 iwe omu 200 hadi 400.

Kisha washa, iache ipate moto. Ikisimama nyuzi 60 na kitu barabarani, haipandi, muulize aliyefunga injini themostati iko wapi. Jibu mara nyingi ni "nimeitoa, hapa kwetu ni joto". Themostati ya NZ inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kompyuta imepangwa ikijua injini itafika huko. Ukiitoa, gari linaendelea kudhani bado linapashwa na linaongeza mafuta safari nzima. Mbeya, penye baridi kuliko Dar es Salaam, kuitoa ni kosa maradufu. Irudishwe leo.

Joto likiwa sawa, fungua ukurasa wa trimu ya mafuta, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Kwenye gari lisilo na hitilafu jumla yake inacheza ndani ya asilimia 10 kujumlisha au kutoa. Yako, kwa P0172, itakuwa chini sana upande wa kutoa. Andika namba kwenye sailensi, kisha kwenye mizunguko 2,500, kisha ukiwa barabarani unapanda kilima. Mpangilio wa namba hizo tatu ndio unaotoa jibu, na hakuna fundi kati ya watatu wako aliyeutazama.

Kama sailensi inasoma kutoa 25 lakini kwenye 2,500 inarudi kutoa 8, kuna mafuta yasiyo na amri yanayoingia kwa kiasi kile kile muda wote. Hewa ikiwa kidogo yanaonekana mengi, hewa ikizidi yanamezwa. Washukiwa ni wawili. Wa kwanza ni mpira wa mvuke wa tanki: kwenye kubadilisha injini, mpira unaotoka kwenye kanista ya mkaa huchomekwa moja kwa moja kwenye manifoldi, vali yake ikarukwa. Ubane kwa koleo laini injini ikinguruma. Trimu ikipanda kuelekea sifuri, umempata mwizi na hujatumia hata mia. Wa pili ni nozeli (vinyunyizio vya petroli) zinazovuja. Injini ya mtumba imekaa miezi bila kuwashwa, petroli ya ndani imegeuka gundi, sindano haikai vizuri. Dalili yake ni hiyo hiyo uliyoitaja, moshi mweusi asubuhi, maana mafuta yamedondoka usiku ndani ya silinda. Funga geji ya presha: NZ inatakiwa kilopaskali 304 hadi 343, yaani psi 44 hadi 50. Zima, subiri dakika tano. Isishuke chini ya kilopaskali 147. Ikianguka, ama nozeli zinavuja ama vali ya pampu haizuii mafuta kurudi. Ng'oa reli ya nozeli pamoja na nozeli zake, elekeza midomo kwenye karatasi kavu, rudisha presha, utazame ipi inalowesha. Fanya hivi mbali na moto na betri, na uwe na kizima moto mkononi.

Kama namba zote tatu zinafanana, kutoa 20 popote, basi kuna kipimo kisicholingana. Hapa ndipo mchanganyiko wa spea za injini mbili unapoumiza. Kontroli boksi ya 2NZ imeandikiwa nozeli za 2NZ, inajua zikifunguka milisekunde tatu zinatoa kiasi gani. Linganisha namba zilizopigwa kwenye nozeli za injini mpya na za ile iliyonoki. Zikitofautiana, hamishia zile za zamani baada ya kuzisafisha kwa mashine, weka oringi na mipira mipya, kila moja iwe na omu 13.4 hadi 14.2. Kuna atakayesema ni ndogo kwa 1NZ. Skana itaamua: kwenye mizunguko 6,000 duru moja kamili ya injini (mizunguko miwili) ni milisekunde 20, kwa hiyo nozeli ikifunguka 12 au 13 kuna nafasi, ikifika 17 ndipo pa kusimama.

Halafu MAF. Watu wanadhani sensa ndiyo kipimo, kwa hiyo wanabadilishana maboksi ya filta kama sufuria na vifuniko. Kipimo ni sensa pamoja na bomba iliyomo. Denso yenye namba 22204-22010 imo kwenye Toyota nyingi zenye injini za ukubwa mbalimbali. Kinachotofautisha ni kipenyo cha bomba na jedwali lililo ndani ya kontroli boksi. Sensa inaona kasi ya hewa. Bomba la milimita 56 mahali kompyuta inapotarajia 60 linafanya hewa ionekane zaidi kwa asilimia 15, na mafuta yanafuata. Kama boksi la filta lilikuja na injini, rudisha lako la zamani. Uhakiki upo: gia ya pili, kanyaga mafuta yote, soma gramu kwenye mizunguko 4,000. Kwa 1NZ nzima pwani utaona 50 hivi. Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na 40 inatosha. Ukiona 48 kule kwenu, MAF inazidisha. Na anayekwambia mwinuko wa Mbeya unahitaji "programu ya milimani" mwache aende zake, MAF imeshaupima.

Angalia pia sensa ya oksijeni iliyokuja kwenye ekzosi ya injini mpya. Kwa macho, ile ya kawaida na ile ya A/F (ya uwiano wa hewa na mafuta) ya injini za baadaye ni mapacha: nyaya nne, uzi ule ule. Ya kawaida inatoa volti 0.1 hadi 0.9, nyingine inafanya kazi kwa namna tofauti kabisa na kontroli boksi yako haiielewi. Pima hita, zile nyaya mbili nyeusi: omu 11 hadi 16 ni ya kawaida, chini ya omu 4 ni A/F. Na kama kuna siku trimu itasoma kujumlisha huku moshi ni mweusi, tafuta gasketi ya ekzosi iliyopasuka kabla ya sensa. Hewa ya nje inaingia, sensa inasema mafuta pungufu, kompyuta inaongeza kwa nia njema.

Ukimaliza, chomoa fyuzi ya EFI dakika moja ili trimu zifutike. Baada ya hapo safari moja ya kilomita 30 au 40 yenye mji na barabara kuu inatosha kujifunza upya. Hizo wiki mbili zimetoka wapi? Trimu ipo kwa ajili ya uchakavu wa asilimia chache, haipo kwa ajili ya kuzoea nozeli inayovuja.

Je, kontroli boksi ya 1NZ haina kazi? Inayo. Moto wa plagi na ubadilishaji wa gia vimeandikwa humo, na kwa muda mrefu ni bora upate ya IST NCP61, otomatiki, isiyo ya 4WD, namba inayoanza na 89661, yenye throtoli ya aina uliyo nayo, ya waya au ya umeme, na isiyo na imobilaiza (kizuia wizi cha ufunguo). Lakini ifungwe pamoja na nozeli na boksi la filta vya 1NZ, na baada ya hitilafu hii kuisha. Ukiifunga leo, itakuandikia P0172 ya tatu.

Kinachonikera zaidi ya kompyuta zinazouzwa bila sababu ni wanaozidanganya. Kuna wanaotoa sensa ya maji na kuchomeka rezista ili kompyuta idhani nyuzi 85 siku zote. Mafuta yanapungua kweli, mteja anafurahi. Kwenye gari ambalo feni inaamriwa na sensa hiyo hiyo, siku rejeta ikivuja feni haiwaki na mshale wa joto haupandi, na injini inaungua kimya. Kuna wanaokata masega ya ekzosi (kisafisha moshi) na kuweka rezista kwenye sensa. Kuna wanaouza kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD (soketi ya kupimia gari) "kinachopunguza mafuta". Kifungue, mara nyingi utakuta taa zinazowaka na kuzima, hakuna zaidi. Na kuna anayechomeka kifaa cha simu cha bei rahisi, kikikataa kuunganisha anatangaza kontroli boksi imekufa, wakati IST nyingi za miaka hiyo zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazizungumzi lugha ya vifaa hivyo. Kwa gari la namna hiyo unganisha tundu la 4 na la 13 la soketi hiyo ya OBD kwa waya, washa swichi bila stata, taa ya cheki injini itapepesa kodi yenyewe.

Mtu akitaka pesa ya kuprogramu, mwambie akuonyeshe trimu kwenye sailensi na kwenye 2,500 kabla ya kugusa kitu, na azionyeshe tena akimaliza. Akisema mashine yake haina ukurasa huo, usimpe ufunguo.