Kwa wewe umetoka ndani na unataka kurudi darasa

Kama umetoka jela juzi, ama umemaliza rihabu na unafikiria kurudi kusoma kwa chuo cha ufundi, hii nakuandikia wewe. Mimi nilihukumiwa miaka 3 kwa wizi, nikakaa 2 juu ile theluthi moja hupunguzwa ukiwa na tabia nzuri, nikarudi kwetu Nyalenda, hapa Kisumu, nikiwa na miaka 27, sina simu, sina kazi, na wiki haikuisha kabla nirudie chang'aa.

Usingoje mpaka ujisikie uko tayari. Nilipoteza karibu mwaka mzima nikisema wacha kwanza nitulie, wacha watu wasahau, na watu hawakusahau na mimi sikutulia, nilikuwa tu nakaa kwa steji na wale wasee wa zamani kutoka asubuhi mpaka giza. Ni shule ndiyo ilinituliza. Lakini kama unakunywa kila siku, tafadhali usiache ghafla ukiwa peke yako kwa nyumba, mwili unaweza kushikwa na kifafa na ukapoteza maisha, enda hospitali kwanza ama upige 1192 ya NACADA, ile ofisi ya serikali ya mambo ya pombe na dawa za kulevya, ni bure.

Halafu makaratasi. Tafuta kitambulisho na vyeti mapema, hii ndiyo inakwamisha wengi. Cheti changu cha KCSE, ule mtihani wa fomu foo, kilikuwa kimeshikiliwa na shule ya zamani juu ya deni la fizi, nikaogopa kuenda miezi mingi, kumbe sheria ya KNEC, baraza la mitihani, hairuhusu shule ikae na cheti chako. Nilienda na mamangu, tukasalimia vizuri, tukaulizia kwa heshima, tukarudi mara ya pili, tukapewa. Usiende na hasira, na usiende peke yako.

Gredi isikutishe. Mi nilikuwa na D-, na artisan, ile kozi ya chini kabisa ya ufundi, inachukua hata E. Ukiwa na D plain unaingia certificate, diploma ni C-, na kutoka chini unaweza kupanda pole pole. Kama ulikuwa unafanya kazi ya mkono jua kali bila karatasi yoyote, uliza NITA, ile mamlaka ya mafunzo ya viwanda, kuhusu gredi testi, mtihani wa kupima ujuzi wa fundi, unaanza na ya tatu unapanda hadi ya kwanza. Ujuzi ulioupata ukiwa ndani pia ni ujuzi, kama ulishona ama ulipiga randa usiuache huko.

Sasa nikuambie kuhusu tupa, ile ya kusugulia chuma. Wiki ya kwanza ya wokishopu pale chuo tulipewa kipande cha chuma tukaambiwa tukipige tupa kiwe bapa. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, na tupa ikitetemeka chuma kinakuwa mviringo pembeni, huwezi kuficha. Mwalimu anaweka skwea juu ya kile chuma anainua kwa dirisha, mwanga ukipita chini yake, wewe unarudi kwa vaisi, ile inabana chuma, unaanza kupiga tupa tena. Nilirudi siku nne. Vijana wa miaka 18 wamemaliza wako nje wanacheka, mi niko pale natoka jasho. Siku ya tano mwalimu aliinua, akaangalia upande huu, akageuza upande ule, hakusema kitu, akaandika tu kwa kitabu chake. Sikuwa nimemaliza kitu chochote tangu nitoke fomu foo, kwa hivyo nilienda choo nikalia huko.

Shida kubwa si darasani, ni saa kumi jioni. Masomo yameisha, nyumbani hakuna chakula, na njia ya kuenda home inapita palepale ulikuwa unanunulia. Badilisha njia hata kama ni ndefu. Mimi niliongea na fundi mmoja pale Kibuye nikawa namshikia vyuma mpaka saa moja usiku, pesa ilikuwa kidogo sana lakini yale masaa matatu yalikuwa na mwenyewe. Ukiteleza siku moja, na unaweza kuteleza, kesho yake ingia darasani hata kama kichwa kinauma na una aibu, juu wengi hupotelea kwa ile aibu, si kwa ile chupa.

Atachimenti ikifika, ule wakati wa kuenda kujifunza kazini, wengine watataka good conduct, cheti cha polisi cha tabia njema. Unaiombea kwa eCitizen halafu unapigwa alama za vidole, na kama ulifungwa itaonekana. Usidanganye. Mimi nilikataliwa mahali pawili, pa tatu nikamwambia mwenye mahali kuwa nilifungwa, kabla aulize, nikamwonyesha kazi yangu, akasema nianze Jumatatu.

Chuo nyingi za ufundi huchukua wanafunzi Januari, Mei na Septemba. Enda uulize hata kabla upate fizi, juu HELB, bodi ya mikopo ya masomo, inakopesha pia wanafunzi wa TVET, yaani vyuo vya ufundi, na basari ya wadi iko, lakini zote zinataka uwe na barua ya kuitwa chuo. Hiyo barua ndiyo unaanza nayo.